Atakayejua Kwanza Kwamba Hujafika

Kwenye fomu ya kujiunga na chuo, ya kuanza kazi, ya kulazwa hospitali, kuna mstari mmoja ambao watu huujaza bila kufikiri: jina na simu ya mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura. Mkono unakwenda wenyewe. Aliyeolewa anaandika mume, kijana anaandika baba au mama, aliyetoka mkoani kuja kutafuta kazi mjini anaandika kaka mkubwa kwa sababu ndiye mkubwa. Mara nyingi namba yenyewe ni ya zamani, ya laini iliyopotea na simu kwenye daladala. Na aliyeandikwa hana habari kwamba kaandikwa.

Sura hii inamhusu mtu huyo, na inakwenda mbali kidogo kuliko fomu. Simzungumzii tu yule atakayepigiwa na nesi ukishaletwa na gari la wagonjwa. Namzungumzia yule unayemwambia kabla ya kutoka: naondoka sasa, natarajia kufika saa fulani, usiponisikia, nitafute. Milango, taa, njia za kupita usiku na namna ya kuchagua bodaboda vinamlinda mtu kabla jambo halijatokea. Huyu analinda zile saa zinazofuata, ambapo uko mahali huwezi kupiga kelele zikasikika, na tofauti kati ya kutafutwa leo usiku na kutafutwa kesho kutwa inaweza kuwa uhai wako.

Nina neno moja kubwa la kusema juu yake. Kumpenda mtu na kumkabidhi kazi hii ni mambo mawili. Watu wengi huyachanganya, na mchanganyo huo ndio unaofanya mstari ule wa fomu usiwe na kazi siku unapohitajika.

Tuanze na mtu ambaye hakumwambia yeyote. Jumamosi ya Aprili 26, 2003, Mmarekani Aron Ralston, mpanda milima mwenye uzoefu, aliingia peke yake kwenye bonde jembamba la mawe huko Utah. Jiwe la kilo zipatazo 360 liliteleza na kuubana mkono wake wa kulia ukutani. Hakuwa amemwambia mtu anakwenda bonde gani. Alikaa pale hadi Mei 1, maji yamemwishia, ndipo alipojikata mkono kwa kisu kidogo butu na kutoka. Huku nje, watu walianza kuuliza pale tu alipokosa kuonekana kazini, na mama yake akaanza kazi ya kubahatisha mtoto kaelekea wapi katika nchi pana kama ile. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ushujaa wake, na kweli ni shujaa. Mimi kinachonishika ni zile siku ambazo hakuna aliyekuwa akimtafuta, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alipaswa kuwa amerudi.

Suzy Lamplugh yeye aliacha taarifa. Alikuwa na miaka 25, anafanya kazi kwenye ofisi ya udalali wa nyumba Fulham, London. Julai 28, 1986 aliandika kwenye kitabu cha miadi kwamba saa 6:45 mchana anakwenda kumwonyesha mteja nyumba iliyoko Shorrolds Road. Jina la mteja aliliandika pia: Mr Kipper. Hakurudi. Mchana ukapita, polisi wakapewa taarifa jioni, gari lake likakutwa usiku limeegeshwa mtaa mwingine. Mwaka 1993 alitangazwa kisheria kuwa amefariki, na hadi leo mwili wake haujapatikana. Kitabu kilikuwa na saa, mtaa na jina, ila hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuitazama saa ile na kuuliza mbona hajarudi. Mama yake, Diana, mwaka uleule wa 1986 alianzisha taasisi yenye jina la mwanawe, Suzy Lamplugh Trust, na kwa miaka mingi taasisi hiyo imewafundisha waajiri wa Uingereza jambo ambalo leo wauguzi wa majumbani, mafundi na madalali huko wanaliona la kawaida: anayefanya kazi peke yake awe na mtu anayejua saa yake ya kurudi, na mtu huyo ajue la kufanya saa hiyo ikipita.

Mfano wa tatu unaumiza, lakini ndani yake mtu wa dharura alifanya kazi yake sawasawa. Mwandishi wa habari wa Sweden, Kim Wall, aliyewahi kuripoti hadi Uganda, alipanda nyambizi ya mtu binafsi mjini Copenhagen jioni ya Agosti 10, 2017 kwenda kufanya mahojiano mafupi. Mpenzi wake alijua amepanda chombo gani, na nani, na alitarajiwa kurudi lini. Usiku ulipokwenda bila ya yeye kurudi, hakungoja kupambazuke. Alitoa taarifa usiku uleule, meli na helikopta zikaanza kutafuta gizani. Kim alikuwa ameshauawa. Lakini mwenye nyambizi alikutwa baharini asubuhi ile, akakamatwa siku hiyohiyo, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha. Taarifa ile ingechelewa siku moja au mbili, muuaji angepata nafasi ya kutunga hadithi yake kwa utulivu na bahari ingefuta mengi.

Kwetu funzo hili limeandikwa majini. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli ya abiria wapatao 600, na waliookolewa peke yao walizidi idadi hiyo. Jamaa walijazana viwanja vya Maisara kutambua maiti, na hakukuwa na orodha ya kuaminika ya kuwaambia nani alipanda na nani alibaki bandarini. Aliyetafutwa alitafutwa kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu aliyejua kwa hakika kwamba fulani kapanda meli ile, usiku ule. Tusidanganyane: kwenye mabasi yetu, mashua zetu na magari ya mizigo tunayoomba lifti, orodha ya abiria ya kutegemewa ni ile iliyo kichwani mwa mtu wako.

Sasa nionyeshe kazi hii inapofanywa vizuri. Namfahamu mama mmoja wa Mwanza anayeuza vitenge na kufuata mzigo Kampala kwa basi, kupitia Bukoba na mpaka wa Mutukula. Mumewe ni mvuvi, anakaa visiwani wiki nzima, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Mtu wake wa dharura ni wifi yake, mdogo wa mumewe, anayehudumu kwenye duka la dawa linalofungwa usiku sana. Simu ya wifi iko kaunta muda wote, iko kwenye chaji, na yeye mwenyewe yuko macho. Ujumbe wao wa safari moja ulikwenda hivi:

"Nimepanda. Basi la bluu, nimekaa nyuma ya dereva. Namba ya gari hiyo kwenye picha."

"Haya wifi. Nangoja Mutukula."

"Mutukula tayari, nimegongewa muhuri. Laini ya bongo naizima, nitakutafuta kwa ile ya Uganda."

"Sawa. Saa tatu usiku?"

"Saa tatu. Ikifika tatu na nusu kimya, mpigie mama wa gesti."

Na baadaye: "Nimefika, nimeshaoga. Lala sasa."

Kila ujumbe una mahali alipo na saa ya ujumbe unaofuata. Alipobadilisha laini alisema, wifi asije akapiga namba iliyozimwa akaingiwa na hofu bure. Namba ya mama wa gesti iliandikwa kwenye simu ya wifi kabla ya safari, pamoja na za wafanyabiashara wawili wa soko la Kikuubo, Kampala, anaochukua kwao mzigo. Dua na kutakiana kheri vilimalizika stendi. Huu ulikuwa mpango, na kwa hesabu ya bando haukugharimu hata bei ya soda.

Ukiniuliza sifa ya kwanza ya mtu wa namna hii, nitasema ni kupokea simu. Linaonekana jambo dogo. Pitia watu wako wa karibu mmoja mmoja uone. Kuna anayechaji simu kwenye kibanda na kuirudia kesho yake. Kuna ambaye kwake mtandao unapatikana chini ya mwembe tu. Kuna mwenye simu tatu na ile unayoijua ndiyo asiyoibeba. Kuna anayeiweka kimya kuanzia saa tatu usiku kwa sababu anaamka alfajiri, na ana haki yake. Kisha kuna wale wasiopokea namba ngeni kwa kuogopa matapeli wa "tuma kwa namba hii". Hofu yao ni halali, lakini siku ya dharura atakayepiga huenda ni nesi, askari, au kondakta aliyeiokota simu yako, na namba yake itakuwa ngeni. Mtu wako wa dharura lazima awe tayari kupokea namba asiyoijua, hasa saa ambazo anajua uko safarini.

Sifa ya pili ni utulivu, na hapa ndipo wengi tunapomwonea mama. Tunamwandika mama kwa sababu hakuna anayetupenda kama yeye, kisha tunamtaka, akiwa na presha yake, apokee saa nane za usiku habari ambazo hata kijana zingemlegeza magoti. Mama atapiga yowe. Mjomba atasikia, ataandika kwenye kundi la ukoo kwamba umetekwa, na nusu saa haijapita watu arobaini wanakupigia kwa zamu. Simu yako iliyokuwa na chaji kidogo inazimika kwa kuita tu. Mtu anayefaa anapiga mara moja, anaandika ujumbe mmoja, anangoja muda mliokubaliana, kisha anakwenda kwenye hatua inayofuata. Hasambazi. Ukimchagua mwingine badala ya mama, mwambie mama mwenyewe kwa heshima, mpe namba ya huyo uliyemchagua, na huyo apewe namba ya mama. Wazazi wengi wakielezwa hivyo hupumua, kwa sababu kumbe walikuwa wakikesha kila safari yako bila kujua wangefanya nini kama lingetokea la kutokea.

Sifa ya tatu naiona nzito kuliko zote: awe mtu unayeweza kumwambia ukweli. Fikiria binti anayekwenda kukutana kwa mara ya kwanza na mwanamume aliyemfahamu mtandaoni. Nyumbani anaaga kwamba anakwenda mkesha kanisani. Asiporudi, familia nzima itaanzia kanisani, itawahoji wanakwaya, itampigia mchungaji, na usiku utakwisha wakati yeye yuko upande mwingine kabisa wa mji. Januari 2024, baada ya mauaji ya wanawake kadhaa nchini Kenya, baadhi yao kwenye nyumba za kupangisha kwa siku, maelfu waliandamana tarehe 27 Nairobi na miji mingine kudai yakome. Lawama za mauaji hayo ni za wauaji, na sitaki kuweka hata chembe yake kwa waliouawa. Ninachokisema kinamhusu aliye hai anayejiandaa kutoka leo jioni: awepo mtu mmoja anayejua jina la unayekutana naye, namba yake, picha yake, jengo na chumba, na saa utakayompigia. Kama ndugu zako watakuhukumu, basi mtu huyo asiwe ndugu. Awe shoga yako, au jirani, au mwenzako wa kazini ambaye unaweza kumwambia niko kwa fulani na asikugeuzie mahubiri. Mtu akikuhubiria kila unapomwambia ulipo, mwishowe hutamwambia, na hapo hata kama ana moyo wa dhahabu amekwisha kupoteza kazi.

Na kuna nyumba ambazo jina lililo kwenye fomu ndilo hatari yenyewe. Mwanamke anayepigwa na mumewe akianguka kazini, ofisi itampigia mume. Akikimbilia hospitali, mume ndiye atakayeitwa kuja kumchukua. Kama hiyo ndiyo hali yako, badilisha mstari huo wiki hii. Nenda kwa mwajiri, nenda shuleni kwa watoto, na ukiwa kliniki mwambie nesi mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, kwamba huyu asipigiwe, apigiwe dada. Huna wajibu wa kueleza sababu. Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kenya kuna namba ya bure 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Na namba 116 ya watoto inafanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda. Mtu wako wa dharura azijue namba hizi pamoja na ile ya dharura, 112, kwa sababu siku hiyo wewe hutakuwa na nafasi ya kumtajia.

Sifa ya nne, uwezo wa kutenda, nitaipitia haraka. Mchague mtu asiyeogopa kuingia kituo cha polisi na kusema tena ikiwa mara ya kwanza hakusikilizwa. Na kama inawezekana wawe wawili: mmoja wa karibu anayeweza kufika na kugonga mlango, mwingine wa mbali mwenye muda na uwezo wa kupiga simu nyingi. Mtoto aliyeko Toronto hawezi kuvunja kitasa cha mlango wako Mbezi, na jirani wa Mbezi huenda hana salio la kupiga simu ubalozini. Wakijuana, wanatosha.

Wanaokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni nawawekea nafasi yao, kwa kuwa kwao jambo hili lina ugumu wa pekee. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za majumbani Oman na Falme za Kiarabu, na miongoni mwa waliyoyaeleza ni kunyang'anywa pasipoti na kuzuiwa simu. Mtu ambaye simu yake iko mikononi mwa mwajiri hawezi kuripoti kama yule mama wa vitenge. Mpango wake unapangwa kabla hajapanda ndege. Nyumbani abaki mtu mwenye nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya viza, jina la wakala wa huku na wa kule, anwani ya nyumba anayokwenda, na namba ya ubalozi wa nchi yake. Wapatane siku maalumu ya wiki ya kusikiana, na wapatane ni wiki ngapi za ukimya zinatosha kumfanya huyu wa nyumbani aanze kupiga hodi ofisini kwa wakala na wizarani. Wiki moja inaweza kuwa kazi za Ramadhani tu. Ya pili ifuatwe.

Ujumbe wa maandishi pekee usiaminiwe. "Niko salama, msiwe na wasiwasi" anaweza kuuandika yeyote aliyeshika simu. Sauti ni bora, na ndani ya sauti liwepo jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua. Kuna familia ya Tanga iliyokubaliana kwamba mtoto wao akisema nisalimieni bibi wa Korogwe, mambo si mazuri, kwa sababu hawana bibi Korogwe. Anayesikiliza pembeni anasikia salamu za kawaida kabisa za mtu aliyekumbuka kwao. Neno la namna hiyo lichaguliwe liwe jepesi kutamkwa hata mbele ya adui, na lisiwe jambo ambalo huwa unalisema kila siku.

Halafu kuna saa. Oman wametutangulia saa moja, Saudi Arabia tuko sawa nao, Uingereza tunawatangulia saa mbili kipindi chao cha joto na tatu kipindi cha baridi. Ongeza na hesabu yetu ya saa za Kiswahili, ambapo kijana aliyezaliwa Leicester akiambiwa saa mbili huenda akafikiri ni saa mbili za kwao. Semeni saa ya wapi, na semeni asubuhi au usiku. Mtu asikae roho juu kwa kosa la hesabu.

Mkishachaguana, kaeni mpatane, na mpatane kwa maneno yaliyonyooka. Ombeni na kukubaliana kama mnavyokopeshana fedha. Mwambie: naomba uwe mtu wangu wa dharura, kazi yenyewe ni hii, utaweza? Mpe nafasi ya kukataa bila kuona haya. Anayesema kwa sasa mama yangu anaumwa, akili yangu haipo, amekufanyia wema mkubwa kuliko anayeitikia kwa adabu.

Kisha muda wa subira. Barabara zetu zina mizani, pancha, mvua, foleni ya Kimara au ya Mlolongo. Anayesubiri lazima ajue kuchelewa kwa kawaida ni kiasi gani. Kwa kutoka kazini usiku nusu saa inatosha. Kwa basi la Dar es Salaam hadi Mwanza, hasa baada ya mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, nusu saa si kitu. Hapo mnapatana vituo, Dodoma, Singida, Shinyanga, na mnapatana kwamba vituo viwili vikipita kimya ndipo simu ya kampuni ya basi inapigwa. Muda ukipita, anakutafuta wewe, kisha unakokwenda, kisha ulikotoka. Baada ya hapo ni serikali ya mtaa au sheha au chifu, na polisi.

Usikubali hadithi kwamba polisi hawaandiki taarifa ya mtu kupotea hadi zitimie saa 24. Mtu wako aende mapema, akiwa na picha yako ya karibuni, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, nguo ulizovaa na namba ya gari ulilopanda. Asiondoke bila namba ya taarifa, RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya. Bila namba hiyo, kesho ataanza upya kwa askari wa zamu nyingine kama aliyekuja kupiga soga.

Kuna hali moja ambapo kupiga simu ni kosa. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate Nairobi, waliojificha chini ya meza na ndani ya stoo walizima milio ya simu na kuandika ujumbe, kwa sababu mlio mmoja ungewafichua. Pataneni kwamba mkisikia kuna tukio la silaha mahali mmoja wenu alipo, mwingine hapigi. Anaandika maneno machache na kungoja, hata kama vidole vinawasha.

Na simu yenyewe iseme kwa niaba yako. Mwaka 2005 Bob Brotchie, mhudumu wa gari la wagonjwa mjini Cambridge, Uingereza, alichoka kupekua simu za majeruhi asijue ampigie nani, akawaomba watu waihifadhi namba ya mtu wao wa dharura chini ya herufi ICE, kifupi cha Kiingereza cha "In Case of Emergency", yaani wakati wa dharura. Wazo lake lilienea dunia nzima, hasa baada ya mabomu ya London ya Julai mwaka huo. Leo simu zetu zina nywila na alama za vidole, kwa hiyo jina lililo ndani ya orodha halifikiwi. Simu janja nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila nywila. Ijaze, pamoja na kundi la damu na dawa usizopatana nazo. Mwenye kitochi aandike namba mbili kwenye karatasi na kuiweka nyuma ya kava, au pamoja na kitambulisho. Karatasi haihitaji chaji.

Nimalizie na deni lako kwake, kwa sababu huko ndiko mipango mingi inakovunjika. Deni la kwanza ni neno "nimefika". Mtu anafika, anapokewa, anawekewa chakula, anasahau, na mwenzake yuko macho anahesabu dakika. Ukifanya hivyo safari kadhaa unamfundisha kwamba ukimya wako hauna maana, na siku ukimya utakapokuwa na maana atageuka upande wa pili alale. Deni la pili linakuja siku ambayo ametoa taarifa na kumbe uko salama: simu ilianguka majini, umefika saa tano, unakuta jirani wako mlangoni, mjumbe kaamshwa, na polisi wameshapigiwa. Utaona aibu. Utatamani kumwambia mbona umekuza mambo. Usimwambie. Mshukuru pale pale mbele ya waliokusanyika, mrudishie vocha na nauli aliyotumia, na wewe ndiye uende kituoni asubuhi kufunga taarifa ile. Halafu kaeni wawili mtazame upya ule muda wa subira: kama nusu saa ilikuwa fupi kwa barabara ile, ifanyeni saa moja, na safari inayofuata muanze na hiyo.